Oksijeni Haiui: Tujifunze Matumizi Salama ya Barakoa ya Pumzi



Binadamu anaweza kukaa siku nyingi bila kula. Anaweza kukaa siku mbili tatu bila kunywa maji. Lakini bila hewa hawezi kukaa hata robo saa. Wavuvi wa Songo Songo na Kilwa Kisiwani wanalijua jambo hili vizuri. Mtu akizama baharini, muda si muda kifua kinaanza kumwaka, na hapo lazima aibuke avute pumzi.

Mgonjwa wa kifua aliyezidiwa ni kama mzamiaji aliyechelewa kuibuka. Tofauti ni kwamba yeye amelala kitandani. Hewa imemzunguka pande zote, lakini haimtoshi. Hapo ndipo waganga humvalisha barakoa ya oksijeni.

Na hapo ndipo mzozo unapoanza kwa baadhi yetu. Wengi tumesikia maneno haya: "Akishawekewa mtungi, huyo basi tena." Wako ndugu wanaokataa mgonjwa wao asivalishwe. Wako wengine wanaokubali mbele ya muuguzi, kisha usiku wanaivua kwa siri. Mgonjwa ambaye angepona anafia mikononi mwa watu wanaompenda. Kwa sababu hiyo, leo tutajifunza oksijeni ni nini, inafanya kazi gani, na sisi tunaouguza tufanye nini ili imsaidie mgonjwa wetu bila kuleta madhara.

Oksijeni ni nini?

Hewa tunayovuta ni mchanganyiko wa gesi mbalimbali. Ukiigawa katika sehemu 100, sehemu kama 78 ni gesi iitwayo naitrojeni. Sehemu 21 ni oksijeni. Iliyobaki ni gesi nyingine kidogo kidogo. Mwili unachohitaji hasa ni ile oksijeni. Haina rangi, haina harufu, wala haina ladha.

Basi oksijeni ya hospitali si kitu kigeni. Ni hii hii tunayoivuta shambani na baharini, ila imekusanywa ikawa nyingi mahali pamoja. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2017 lilieleza wazi katika orodha hiyo kuwa ni dawa ya kutibu upungufu wa oksijeni mwilini. Na kama dawa nyingine yoyote, oksijeni ina kipimo chake. Ikipungua ni hatari, na ikizidi nayo inaweza kudhuru.

Kwa nini mgonjwa hupungukiwa?

Tuchukue mfano wa bandari. Mapafu ni bandari. Damu ni majahazi. Majahazi yanapakia mzigo wa oksijeni pale mapafuni, kisha yanaupeleka kwenye ubongo, moyo, ini na viungo vyote. Yakishashusha, yanarudi na uchafu, yaani hewa mbaya, na mapafu yanaitoa nje tunapopumua.

Mtu akipata nimonia, ambayo wengine tunaiita kichomi, mapafu yanajaa majimaji na usaha. Bandari imeziba. Majahazi yanafika lakini hayapati mzigo. Mwenye pumu, njia zake za hewa zimebana. Mwenye kifua kikuu cha muda mrefu, sehemu ya mapafu imeharibika. Ugonjwa wa UVIKO-19, ulioingia nchini kwetu mwezi Machi mwaka 2020, nao uliwashambulia watu wengi mapafuni kwa namna hiyo hiyo.

Ukimpa mgonjwa huyo hewa yenye oksijeni nyingi zaidi, hata ile sehemu ndogo ya mapafu iliyobaki nzima inaweza kupakia mzigo wa kutosha. Lakini elewa jambo moja: oksijeni haiui vijidudu vya nimonia, wala haifungui pumu. Inampa mgonjwa muda, wakati dawa nyingine zinafanya kazi yake. Ni kama kumshika mkono mtu anayezama mpaka mtumbwi ufike.

Dalili za kupungukiwa na oksijeni

Usisubiri mpaka mtu azimie. Tazama dalili hizi:

1. Anapumua haraka haraka, au anatweta hata akiwa amekaa kitako.
2. Hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika.
3. Mbavu au chini ya kifua vinaingia ndani kila avutapo pumzi. Dalili hii ni kubwa hasa kwa mtoto.
4. Pua za mtoto zinatanuka, anakoroma au kugumia, anashindwa kunyonya.
5. Ulimi na ndani ya midomo vimekuwa vya kibuluu au kijivu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, usitazame ngozi ya uso. Fungua mdomo utazame ndani.
6. Anachanganyikiwa, anasinzia ovyo, au haamshiki.

Kwa mtoto, kujua kuhesabu kunaweza kuokoa maisha. Chukua saa. Mtoto awe ametulia, asiwe analia. Mfunue kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, ni pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukipata hesabu hiyo, usingoje asubuhi. Mpeleke zahanati au kituo cha afya, na ukifika uitaje namba uliyoipata.

Kipimo cha kidoleni

Hospitali na vituo vingi sasa vina kifaa kidogo kinachobana kidole kama kibanio cha nguo. Kinamulika mwanga ndani ya kidole na kuonyesha namba. Hakichomi wala hakitoi damu. Njia hii ya kupima ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970.

Namba hiyo ina maana gani? Turudi kwenye majahazi. Ikisoma 97, maana yake ni kwamba katika kila nafasi 100 za mzigo ndani ya damu, 97 zimejaa oksijeni. Mtu mzima wa afya huwa kati ya 95 na 100. Ikishuka chini ya 90, mgonjwa anahitaji oksijeni. Mama mjamzito haachwi ashuke kiasi hicho, kwa sababu anapumua kwa ajili ya watu wawili.

Lakini kifaa hiki kinaweza kudanganyika. Mikono ikiwa baridi sana, au mgonjwa akitetemeka, namba haiaminiki. Rangi ya kucha na piko nyeusi vinaweza kuharibu kipimo. Kina mama wa pwani tunapenda kujipamba, na si vibaya, lakini mwonyeshe muuguzi kidole kisichopakwa, hata kama ni cha mguu. Tena uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa watu weusi vifaa hivi mara nyingine husoma namba kubwa kuliko hali halisi. Kwa hiyo namba ikiwa nzuri lakini mgonjwa anatweta, amini macho yako na uite muuguzi.

Mambo mengine mawili ni ya kukumbuka. Mtu aliyepungukiwa sana na damu, kwa mfano mtoto mwenye malaria kali, anaweza kusoma 98 na bado yuko hatarini. Majahazi yote yamejaa, lakini yenyewe ni machache. Huyo anahitaji damu. Na mtu aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, damu yake hupakia gesi ya sumu badala ya oksijeni, na kifaa kikadhani ni oksijeni. Huyo apelekwe hospitali upesi, na mweleze mganga habari ya lile jiko.

Je, oksijeni inaua?

Hebu tuchukue mfano wa mazungumzo ya bibi na muuguzi katika wodi ya watoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nakuomba umwondolee mjukuu wangu hicho kidude. Jirani yetu alivalishwa hicho hicho, na usiku ule ule akafa."

"Pole sana, bibi. Huyo jirani alifika hospitali siku ya ngapi ya ugonjwa?"

"Siku ya tano. Tulikuwa tunamhangaikia kwa dawa za nyumbani."

"Na alipofika alikuwa anaongea?"

"Aka! Alikuwa anatweta tu, macho juu."

"Basi, bibi, siku ya mvua ukiwaona watu wana miavuli, utasema miavuli ndiyo iliyoleta mvua?"

"La, mvua ndiyo iliyotangulia."

"Ndivyo ilivyo. Ugonjwa ulitangulia, na ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Wewe mjukuu umemleta siku ya kwanza. Alipofika kipimo kilisoma 84. Tazama sasa, 93. Tukimvua, kitashuka mbele ya macho yako."

Huo ndio ukweli wenyewe. Barakoa huvalishwa wagonjwa waliozidiwa, na katika waliozidiwa wapo watakaofariki. Si kila anayewekewa oksijeni atapona. Lakini anayeihitaji na asiipate, nafasi yake ya kupona inapungua sana. Kinachoua ni ugonjwa na kuchelewa. Kuvalishwa barakoa si hukumu ya kifo. Wako wengi waliovalishwa siku mbili tatu, wakavuliwa, wakarudi nyumbani kwa miguu yao.

Vifaa ni vya aina ngapi?

Barakoa ya oksijeni si ile barakoa ya kitambaa tuliyovaa wakati wa UVIKO-19. Ile huzuia vijidudu. Hii huleta hewa. Vifaa vinavyotumika sana ni vitatu, na kila kimoja kina kiasi chake cha oksijeni kwa dakika.

Cha kwanza ni mrija wa puani. Una vijibomba viwili vifupi vinavyoingia puani. Mtu mzima hupewa lita 1 hadi 5 kwa dakika. Mtoto mdogo hupewa lita 1 hadi 2, na kichanga nusu lita hadi lita 1. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa anaweza kula, kunywa na kuongea akiwa nao.

Cha pili ni barakoa ya kawaida. Ni ya plastiki, inafunika pua na mdomo, ina matundu pembeni. Mtu mzima hupewa lita 6 hadi 10 kwa dakika. Isiwe chini ya lita 5, na sababu yake ni hii. Mgonjwa anapotoa pumzi, hewa mbaya inabaki ndani ya barakoa. Oksijeni inayoingia ndiyo inayoisukuma nje. Ikiwa ndogo, mgonjwa ataivuta tena hewa ile ile aliyoitoa. Ndiyo maana ndugu anayepunguza kitasa "ili mtungi usiishe upesi" anamdhuru mgonjwa wake.

Cha tatu ni barakoa yenye mfuko. Hii ni ya wagonjwa mahututi, na hutumia lita 10 hadi 15 kwa dakika. Mfuko lazima ujae kabla mgonjwa hajavalishwa, na ubaki umejaa. Ukiona mfuko unanywea kabisa kila avutapo pumzi, mwite muuguzi mara moja.

Nani anaamua kiasi? Ni mganga au muuguzi peke yake. Kichanga aliyezaliwa kabla ya siku zake akipewa oksijeni nyingi kupita kiasi anaweza kuharibika macho. Na mtu ambaye mapafu yake yamechoka kwa miaka mingi ya sigara au moshi wa kuni, oksijeni ikizidi hewa mbaya inaweza kumlundikana mwilini akasinzia asiamke. Huyo waganga humpa kwa uangalifu, namba yake ibaki kati ya 88 na 92. Basi usishangae ukimwona jirani wa kitanda cha pili ana lita nyingi na wako ana lita 2. Si upendeleo.

Anayeuguza afanye nini?

Muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda ni msaada mkubwa kama anajua kazi yake.

Mkalishe mgonjwa aegemee mito, asilale chali kabisa. Mapafu hufunguka vizuri zaidi mtu akiwa ameinuka. Wengine wataelekezwa walale kifudifudi. Fuata maelekezo ya muuguzi.

Hakikisha barakoa imekaa sawa juu ya pua na mdomo. Isipande machoni, isishuke kidevuni. Mpira wa kufungia usikaze mpaka ukakata masikio. Tazama nyuma ya masikio na juu ya pua, na ukiona michubuko mwambie muuguzi.

Fuata mpira wa oksijeni kwa macho, kutoka barakoani hadi kwenye mashine. Usiwe umejikunja, umekanyagwa na mguu wa kitanda, au umechomoka. Mara nyingi mgonjwa hubadilika ghafla kwa sababu tu mpira umechomoka.

Wakati wa kula, usiivue barakoa ukamwacha hivi hivi. Mwambie muuguzi ambadilishie mrija wa puani kwa muda huo. Na kama mgonjwa hana fahamu sawasawa, usimlishe uji wala maji kwa mdomo, utamwingia mapafuni.

Mgonjwa akitaka kutapika, vua barakoa haraka, mgeuze ubavu, msafishe mdomo, na piga kelele ya kuita muuguzi. Akimaliza, barakoa isafishwe arudishiwe.

Mgonjwa akiivuta barakoa kwa fujo, usimfunge mikono. Huenda kuhangaika kwake ndiyo dalili kwamba oksijeni haimtoshi. Mshike mkono, ongea naye kwa upole, ita muuguzi.

Usimwazime mgonjwa mwingine barakoa ya mgonjwa wako. Magonjwa ya kifua huambukizwa kwa njia hiyo. Na kama oksijeni inapitia chupa ya maji, usiongeze maji ya kisima wala ya bombani. Maji yake ni maalumu, na muuguzi ndiye anayeyabadilisha.

Moto: hatari kubwa kuliko zote

Oksijeni yenyewe haiwaki. Lakini inafanya kila kitu kingine kiwake kwa nguvu. Cheche ndogo ambayo ingezimika, penye oksijeni nyingi inakuwa moto mkubwa. Mwezi Aprili mwaka 2021, katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, nchini Iraki, moto ulioanzia kwenye mitungi ya oksijeni uliua watu zaidi ya 80.

Basi penye oksijeni hakuna sigara, hakuna kibiriti, hakuna mshumaa. Umeme ukikatika, usiwashe koroboi, tumia tochi. Usilete jiko la mkaa wodini kupasha uji. Na hili tuliseme wazi sisi watu wa pwani: chetezo cha ubani au udi kisiingizwe karibu na mgonjwa mwenye oksijeni. Dua isomwe, hakuna anayekataza. Lakini makaa ya moto yabaki nje.

Mafuta nayo ni adui. Usimpake mgonjwa mafuta ya nazi au ya mgando usoni na puani wakati anatumia oksijeni. Midomo ikikauka, muuguzi ana namna ya kuilainisha. Na mtu mwenye mafuta mikononi asiguse kabisa kitasa cha mtungi. Mafuta na oksijeni yenye msukumo mkubwa vikikutana vinaweza kulipuka.

Oksijeni hunasa pia kwenye shuka na nguo. Mgonjwa akishavuliwa barakoa, akae kwenye hewa wazi walau nusu saa kabla ya kusogelea moto.

Mtungi, mashine na safari

Oksijeni hufika kitandani kwa njia kuu tatu. Kuna mtungi wa chuma uliojazwa kiwandani. Kuna mashine inayochuja hewa ya chumbani, ikaondoa naitrojeni na kubakiza oksijeni. Hii haina cha kujazwa, lakini bila umeme haifanyi kazi. Na kuna mtambo mkubwa wa kuzalisha oksijeni kwa hospitali nzima. Mwezi Oktoba mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika mambo ya mpango huo ilikuwemo mitambo ya oksijeni.

Mtungi una msukumo mkubwa sana ndani yake. Ukianguka na kichwa chake kikavunjika, unaruka kama kombora. Kwa hiyo husimamishwa na kufungwa kwa mnyororo. Usiuegemee, usianike nguo juu yake, na watoto wasiuchezee. Na mtungi wa fundi wa kuchomelea vyuma usitumike kwa mgonjwa, hata kama umeandikwa oksijeni.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mtungi mkubwa huwa na lita kama 6,800. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, 6,800 gawanya kwa 10 ni dakika 680. Hizo ni saa 11 na dakika 20. Usiku mmoja tu umekwisha.

Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa unaweza kuwa na lita 680. Kwa lita 10 kwa dakika, utadumu dakika 68. Lakini kutoka Kilwa Masoko hadi Hospitali ya Mkoa ya Sokoine, Lindi mjini, ni safari ya zaidi ya saa mbili. Oksijeni itaishia njiani. Kwa lita 5 ungedumu dakika 136, na hapo napo ni kwa bahati, kama barabara haina tatizo. Tunakumbuka mwezi Mei mwaka 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalipokata barabara kuu huko Somanga na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo kabla gari halijaondoka, ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Bwana Mganga, mtungi huu una kiasi gani, na utatufikisha?" Swali hilo halimkosei mtu heshima. Na kama mgonjwa ni mama mjamzito au kichanga, ipo namba ya bure ya kuita usafiri wa dharura, 115. Iandike ukutani.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza habari za malaria, maji na vyoo, kisha wakashika majembe wakachimba. Habari ya pumzi nayo tunaweza kuifanya hivyo hivyo.

Kwanza, watoto wapate chanjo zote. Tangu mwaka 2013 chanjo ya kukinga nimonia imo katika chanjo za watoto wetu. Pili, jiko la kuni liwe na njia ya kutoa moshi, na mtoto asibebwe mgongoni katikati ya moshi. Tatu, wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, mpulizaji afunike pua na mdomo, asimame upande upepo unakotoka, na mwenye pumu asikaribie kabisa. Nne, kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Tano, na hili ndilo kubwa, tusichelewe. Kinyonga, Nyangao na Sokoine ni hospitali za kutibu watu, lakini zinamtibu vizuri zaidi yule anayefika mapema, na ambaye ndugu zake hawamvui barakoa usiku.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya oksijeni? Maneno hayo yametokana na nini?
2. Kwa nini ni hatari kupunguza oksijeni ya mgonjwa mwenye barakoa ya kawaida?
3. Taja vitu vitano ambavyo havitakiwi karibu na oksijeni.
4. Mtungi una lita 3,400. Mgonjwa anatumia lita 5 kwa dakika. Utadumu saa ngapi na dakika ngapi?
5. Mgonjwa akizidiwa usiku huu kijijini kwenu, gari au mashua itatoka wapi, na nani atapiga simu? Pangeni leo, msingoje siku hiyo.